Kufundisha Kanuni za Ugawanyikaji kwa Kufuata Sababu Zake: Mfuatano wa Ufundishaji kwa Shule za Msingi

Ikisiri

Kanuni za ugawanyikaji huchukua nafasi ndogo katika somo la Hisabati la shule za msingi, ilhali mada kadhaa kubwa huzitegemea: kurahisisha sehemu, kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), na kutambua namba tasa. Makala haya yanaeleza namna kanuni hizo zinavyoweza kufundishwa kwa kuzipanga katika makundi kulingana na sababu zake, badala ya kuzifuatanisha kuanzia ya 2, ya 3, ya 4 na kuendelea. Makala yanaanza kwa kuchambua lugha inayotumika darasani, yanabainisha makosa yanayotokana na kukariri, kisha yanapendekeza mfuatano wa vipindi vinne na namna ya kupima uelewa. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi anayejua sababu ya kanuni anaweza kuijenga upya anapoisahau, na anaweza kuitumia hata lugha ya kufundishia inapobadilika.

1.0 Utangulizi

Namba kamili husemwa kuwa inagawanyika kwa namba nyingine kamili iwapo mgawanyo wake hauachi baki. Kwa mfano, 24 inagawanyika kwa 6 kwa kuwa 24 ni 6 mara 4. Haigawanyiki kwa 5 kwa kuwa hubaki 4. Kanuni ya ugawanyikaji ni njia ya kujua jambo hilo kwa kutazama tarakimu za namba, bila kufanya mgawanyo wote.

Umuhimu wa kanuni hizi huonekana zaidi pale mwanafunzi anapokutana na sehemu. Anayetakiwa kurahisisha sehemu yenye kiasi 84 na asili 126 huweza kuona mara moja kwamba namba zote mbili ni shufwa, hivyo akapata 42 na 63. Kwamba jumla za tarakimu za namba hizo mpya zinagawanyika kwa 3, hivyo akapata 14 na 21. Na kwamba zote mbili zimo katika jedwali la 7, hivyo akafikia 2 na 3. Asiyekuwa na kanuni hizo hubahatisha, au huacha jibu likiwa halijafika mwisho. Vilevile, namba kama 51, 57 na 91 hudhaniwa na wengi kuwa namba tasa kwa sababu hazimo katika majedwali ya kuzidisha yaliyozoeleka. Kanuni ya 3 huonyesha upesi kwamba 51 ni 3 mara 17 na 57 ni 3 mara 19, na ukaguzi wa 7 huonyesha kwamba 91 ni 7 mara 13.

Pamoja na umuhimu huo, kanuni hizi mara nyingi hufundishwa kama orodha ya kukaririwa. Richard Skemp, katika makala yake ya mwaka 1976, alitofautisha uelewa wa aina mbili katika Hisabati: uelewa wa kimahusiano, ambapo mwanafunzi anajua la kufanya na sababu yake, na uelewa wa kitaratibu, ambapo anatumia kanuni bila kujua kwa nini inafanya kazi. Orodha ya kanuni za ugawanyikaji ni mfano wa wazi wa maarifa ya kitaratibu. Tatizo hili haliwahusu watoto peke yao. Rina Zazkis na Stephen Campbell, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1996, waliwahoji walimu tarajali wa shule za msingi kuhusu namba iliyoandikwa kama zao la 3³ × 5² × 7. Walipoulizwa iwapo namba hiyo inagawanyika kwa 7, baadhi yao walikokotoa kwanza zao lote, yaani 4,725, ndipo wakaligawanya kwa 7, ingawa 7 ilikuwa imeandikwa mbele yao.

2.0 Lugha ya Ugawanyikaji Darasani

Kabla ya kanuni yoyote kufundishwa, mwalimu hana budi kuhakikisha kwamba yeye na wanafunzi wanalitumia neno *kugawanyika* kwa maana moja. Katika mazungumzo ya kila siku karibu kila kitu kinagawanyika. Maembe saba yanaweza kugawanywa kwa watoto wawili, kila mmoja akapata matatu na nusu. Kwa hiyo mwanafunzi anayejibu kwamba 7 inagawanyika kwa 2 hajakosea Kiswahili. Anazungumzia mgawanyo mwingine. Inafaa mwalimu atumie tangu mwanzo kauli kamili, "inagawanyika bila baki", na achague vitu visivyoweza kukatwa katika mifano yake: wanafunzi, viti, vizibo vya chupa. Mtoto hawezi kukata kiti nusu, hivyo baki huonekana yenyewe.

Istilahi *kigawe* na *kigawo* huleta utata mwingine, kwa kuwa zinatofautiana kwa irabu moja tu. Namba 24 ni kigawe cha 6, nayo 6 ni kigawo cha 24. Wanafunzi wengi hubadilisha maneno haya, na matokeo yake huchanganya KDS na KKS. Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili yenyewe inatoa msaada. Nomino nyingi zinazoundwa kutokana na vitenzi na kuishia na *-e* hutaja aliyetendewa au kilichotendewa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Nomino nyingi zinazoishia na *-o* hutaja chombo cha kutendea: kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia. Kwa mantiki hiyo, kigawe ni namba inayogawanywa, na kigawo ni namba inayotumika kugawanya. Mwanafunzi aliyeelezwa uhusiano huu hahitaji kukariri maneno mawili yaliyo karibu kufanana, kwani maneno yenyewe yanamwambia maana.

3.0 Makosa ya Kawaida na Chanzo Chake

Makosa ya wanafunzi katika mada hii huwa na mantiki yake. Mengi yanatokana na kuipeleka kanuni sahihi mahali isipohusika. Manne kati yake yanahitaji kushughulikiwa waziwazi.

Kwanza, mwanafunzi aliyezoea kutazama tarakimu ya mwisho kwa 2, 5 na 10 huitazama pia kwa 3. Hudai kwamba 23 inagawanyika kwa 3 kwa kuwa inaishia na 3. Kosa hili hudumu kwa sababu wakati mwingine hutoa jibu sahihi: 33, 63 na 93 zote zinaishia na 3 na zote zinagawanyika kwa 3.

Pili, aliyejifunza kujumlisha tarakimu kwa 3 na 9 huzijumlisha pia kwa 4 au 7. Kwa mfano, tarakimu za 22 zina jumla ya 4, lakini 22 ikigawanywa kwa 4 hubaki 2.

Tatu, mwanafunzi huunganisha kanuni pasipo masharti. Akishajua kwamba namba inayogawanyika kwa 2 na kwa 3 inagawanyika kwa 6, huhitimisha kwamba inayogawanyika kwa 2 na kwa 4 inagawanyika kwa 8. Namba 12 inatosha kuonyesha kwamba dai hilo si kweli.

Nne, mwanafunzi hugeuza mwelekeo wa kauli. Ni kweli kwamba kila namba inayogawanyika kwa 9 inagawanyika kwa 3; si kweli kwamba kila inayogawanyika kwa 3 inagawanyika kwa 9, kama 12 na 15 zinavyoonyesha.

Makosa yote manne yana chanzo kimoja: mwanafunzi anajua kanuni inasema nini, lakini hajui inatoka wapi. Kumsahihisha kwa kumrudishia kanuni ileile hakuondoi chanzo hicho.

4.0 Kuzipanga Kanuni kwa Kufuata Sababu

Kanuni zote zinazojadiliwa hapa zinatokana na mambo mawili. La kwanza ni thamani ya nafasi: kila namba inaweza kuvunjwa katika maelfu, mamia, makumi na mamoja. La pili ni kwamba kundi linalogawanyika bila baki linaweza kuwekwa kando, kisha swali likabaki kwa kile kilichosalia. Kwa mfano, kujua iwapo 364 inagawanyika kwa 7 hakuhitaji kanuni ya pekee: 350 inagawanyika kwa 7, imebaki 14, nayo inagawanyika kwa 7. Mwanafunzi aliyezoea kuweka kando kinachogawanyika ameshashika kiini cha mada nzima.

4.1 Kundi la tarakimu za mwisho: 2, 5, 10, 4 na 8

Fungu la vijiti kumi linagawanyika bila baki kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Kwa hiyo makumi, mamia na maelfu yote, ambayo ni mafungu ya kumi, yanaweza kuwekwa kando. Yanabaki mamoja peke yake, na hiyo ndiyo sababu ya kutazama tarakimu ya mwisho tu.

Kwa 4, hoja ni ileile ila imesogea nafasi moja. Fungu la kumi likigawanywa kwa 4 hubaki 2, hivyo haliwezi kuwekwa kando. Lakini mia moja ni 4 mara 25, hivyo mamia yote huwekwa kando, na zinabaki tarakimu mbili za mwisho. Katika 3,716, sehemu ya 3,700 haina haja ya kuchunguzwa. 16 inagawanyika kwa 4, basi 3,716 inagawanyika kwa 4. Kwa 8, mia moja huacha baki ya 4, ilhali elfu moja ni 8 mara 125. Kwa hiyo hutazamwa tarakimu tatu za mwisho: 5,416 inagawanyika kwa 8 kwa kuwa 416 ni 8 mara 52. Wanafunzi wakishaona mwendo huu kutoka 2 hadi 4 hadi 8, baadhi yao wataweza kutabiri wenyewe kwamba 16 itahitaji tarakimu nne.

4.2 Kundi la jumla ya tarakimu: 9 na 3

Kundi hili ndilo linaloonekana kuwa na miujiza, na ndilo linalofaa zaidi kuonyeshwa kwa vitendo. Fungu la vijiti kumi likigawanywa kwa watu 9, kila mtu hupata kijiti kimoja na hubaki kimoja. Fungu la mia ni mafungu kumi ya kumi. Kila fungu hubakisha kijiti kimoja, hivyo hubaki vijiti kumi, navyo vikigawanywa tena kwa 9 hubaki kimoja. Elfu nayo hufuata njia hiyohiyo. Kila fungu, liwe la kumi, la mia au la elfu, hubakisha kijiti kimoja.

Katika 234 kuna mafungu mawili ya mia, ambayo hubakisha vijiti 2. Mafungu matatu ya kumi, ambayo hubakisha vijiti 3. Na mamoja 4. Vilivyobaki ni 2 + 3 + 4, yaani 9, ambavyo vinagawanyika kwa 9. Jumla ya tarakimu, kwa hiyo, ni hesabu ya mabaki. Maelezo haya yanatoa zaidi ya jibu la ndiyo au hapana. Kwa 471 jumla ni 12. Ukitoa 9 hubaki 3, na kweli 471 ikigawanywa kwa 9 hubaki 3.

Kanuni ya 3 haihitaji somo jipya. Kilichogawanyika kwa 9 kimegawanyika pia kwa 3, hivyo mabaki ni yaleyale, na sasa huulizwa tu iwapo yanagawanyika kwa 3. Namba 471 ina mabaki 12. Kwa hiyo inagawanyika kwa 3 ingawa haigawanyiki kwa 9. Hapa pia hujibiwa swali la kwa nini njia hii haifai kwa 4 au 7: fungu la kumi likigawanywa kwa 4 hubaki 2, na kwa 7 hubaki 3, si kimoja.

Maarifa haya ni ya kale. Leonardo wa Pisa, ajulikanaye pia kama Fibonacci, alitumia mabaki ya 9 kuhakiki hesabu katika kitabu chake *Liber Abaci* cha mwaka 1202. Blaise Pascal naye aliandika risala kuhusu kutambua vigawe vya namba kwa kujumlisha tarakimu, iliyochapishwa mwaka 1665, baada ya kifo chake. Matumizi ya uhakiki yanafaa hata leo darasani. Mwanafunzi aliyepata 46 × 23 = 1,058 anaweza kulinganisha mabaki: 46 hubakisha 1, 23 hubakisha 5, zao la mabaki ni 5; nayo 1,058 ina jumla ya 14, ambayo hubakisha 5. Mabaki yakitofautiana, jibu si sahihi. Yakilingana, jibu huenda ni sahihi, lakini si hakika: aliyeandika 1,085 kwa kupindua tarakimu angepata mabaki yaleyale.

4.3 Kundi la kanuni zilizounganishwa: 6, 12, 15 na 36

Namba inagawanyika kwa 6 ikiwa inagawanyika kwa 2 na kwa 3. Sharti linalopaswa kusisitizwa ni kwamba namba mbili zinazounganishwa zisiwe na kigawo cha shirika isipokuwa 1. Kwa 12 huunganishwa 3 na 4, si 2 na 6. 18 inagawanyika kwa 2 na kwa 6 bila kugawanyika kwa 12. Sababu ni kwamba 6 ina 2 ndani yake tayari, hivyo kukagua 2 tena hakuongezi habari mpya.

Kundi hili linafaa kwa mafumbo ya maisha ya shule. Ikiwa madaftari 252 yanatakiwa kugawiwa sawasawa kwa wanafunzi 36, je, kutakuwa na yatakayobaki? Kwa kuwa 36 ni 4 mara 9, hukaguliwa 4 na 9. Namba 52 inagawanyika kwa 4, na 2 + 5 + 2 ni 9. Hakuna daftari litakalobaki.

4.4 Kanuni za 11 na 7

Kwa 11, fungu la kumi limepungukiwa kijiti kimoja, fungu la mia hubakisha kimoja kwa kuwa 99 ni 11 mara 9, na fungu la elfu limepungukiwa kimoja kwa kuwa 1,001 ni 11 mara 91. Katika 2,739, mamoja na mamia yanatoa 9 + 7 = 16 zilizobaki; makumi na maelfu yanatoa 3 + 2 = 5 zilizopungua. Tofauti ni 11, hivyo namba inagawanyika kwa 11.

Kwa 7 ipo kanuni ya kuondoa tarakimu ya mwisho na kutoa mara mbili yake kutoka kwa zilizobaki: 343 huwa 34 − 6 = 28. Kanuni hii hutegemea ukweli kwamba 21 ni kigawe cha 7. Kwa wanafunzi wa msingi, hata hivyo, njia ya kuweka kando vigawe vinavyojulikana inatosha, na mara nyingi ni ya haraka zaidi. Si lazima kila namba iwe na kanuni yake.

5.0 Mfuatano wa Vipindi

Jerome Bruner, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu nadharia ya ufundishaji, alieleza kwamba maarifa huweza kuwasilishwa kwa njia tatu: matendo, picha na alama. Vipindi vinne vifuatavyo vinafuata mwelekeo huo.

Kipindi cha kwanza kinahusu maana ya baki na mafungu ya kumi. Wanafunzi hugawana vizibo au vijiti kwa 2, 5, 4 na 9, na huandika baki la kila fungu la kumi. Kipindi cha pili kinatumia matokeo hayo kujenga kanuni za 2, 5, 10, 4 na 8. Kipindi cha tatu kinahusu 9 na 3. Wanafunzi huchora mafungu ya mia na ya kumi na kutia alama ya kijiti kimoja kando ya kila fungu kabla ya kuandika jumla kwa tarakimu. Kipindi cha nne kinahusu kuunganisha kanuni, na sehemu yake kubwa hutumika kutafuta mifano inayokanusha. Mwalimu hutoa kauli, kwa mfano "Kila namba inayogawanyika kwa 4 na kwa 6 inagawanyika kwa 24", na wanafunzi huitafutia namba ya kuipinga.

Huweza kudaiwa kwamba darasa lenye wanafunzi wengi halina vifaa wala muda wa kazi hizi. Dai hilo lina uzito, lakini vifaa vinavyohitajika ni vichache. Fungu moja la vijiti kumi kwa kila kundi linatosha kuonyesha baki, na mafungu kumi mbele ya darasa yanatosha kuonyesha mia. Kuhusu muda, orodha ya kukaririwa hufundishwa kwa haraka, ila hurudiwa kila mada ya sehemu au ya KDS inapofika.

6.0 Upimaji

Swali la "Je, 234 inagawanyika kwa 9?" hupima kanuni peke yake. Maswali yafuatayo hupima pia sababu:

(a) Weka tarakimu katika nafasi iliyo wazi ili 7_4 igawanyike kwa 9. (Jibu ni 7 tu, kwa kuwa 7 + 4 ni 11 na kigawe cha 9 kinachoweza kufikiwa ni 18.)

(b) Taja tarakimu zote zinazoweza kukamilisha 52_ ili igawanyike kwa 4. (0, 4 na 8.)

(c) Bila kukokotoa zao, eleza iwapo 2 × 2 × 3 × 5 × 7 inagawanyika kwa 6, kwa 14 na kwa 9. (Kwa 6 na 14 ndiyo, kwa 9 hapana, kwa kuwa 3 imo mara moja tu.)

(d) Mwanafunzi amesema 46 inagawanyika kwa 6 kwa sababu inaishia na 6. Mweleze kosa lake.

Swali la mwisho lina thamani ya pekee, kwa kuwa anayemweleza mwenzake hulazimika kutaja sababu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kanuni za ugawanyikaji zinaweza kufundishwa kwa hoja chache zinazotokana na thamani ya nafasi, na kwamba kuzipanga kwa kufuata hoja hizo huzuia makosa yanayotokana na kuhamisha kanuni mahali pasipo pake. Jambo hili lina uzito wa ziada nchini Tanzania, ambako shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili na shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza, maneno *kigawe*, *kigawo* na *baki* hubadilishwa kwa maneno mengine. Aliyekariri sentensi hulazimika kuanza upya, kwa kuwa alichokuwa nacho ni maneno. Aliyewahi kuona kwamba kila fungu la kumi hubakisha kijiti kimoja mbele ya watu 9 atahitaji kujifunza istilahi mpya tu. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba walimu wa madarasa ya juu ya shule za msingi waanze na baki la fungu la kumi kabla ya kutaja kanuni yoyote, na kwamba mitihani ya darasani iwe na walau swali moja linalomtaka mwanafunzi aeleze sababu.